Shajara ya mradi: chanjo ya protini dhidi ya korona, kuanzia kwenye jeni mpaka kwenye kichupa

Januari, tunaanza

Tumekubaliana rasmi, tunatengeneza protini. Mjadala ulikuwa mrefu manake siku hizi mtu akisikia chanjo ya korona anawaza mRNA, yaani zile zinazoupa mwili maelekezo ya kuitengeneza protini wenyewe, na ni kweli mRNA ilikimbia kuliko zote, lakini sisi tunataka kitu ambacho kiwanda cha kawaida kinaweza kukipika bila kununua mitambo mipya kila kona. Chanjo ya homa ya ini B inatengenezwa kwa hamira tangu 1986, viwanda vinavyoijua kazi hiyo vipo nchi nyingi, matangi wanayo, watu waliofundishwa wanao, na kichupa kikishajazwa kinakaa kwenye friji ya nyuzi 2 mpaka 8 basi. Kwangu mimi hiyo ndo sababu kubwa kuliko zote, chanjo nzuri ambayo nchi nyingi haziwezi kuitengeneza zenyewe inabaki kuwa foleni ya kusubiri wengine wamalize kwanza, na 2021 tuliiona hiyo foleni kwa macho yetu.

Kwa anayeanza kusoma hapa: virusi vya korona vina miiba juu yake, protini yake inaitwa spaiki, na kwenye kila mwiba kuna sehemu inayoishika seli ya mtu, wataalamu wanaiita RBD na mimi nitaiita hivohivo mpaka mwisho. RBD ya SARS-CoV-2, kirusi cha UVIKO-19, inashika ACE2, kipokezi kilicho juu ya seli za mtu, ya MERS, ndugu yake mwingine wa korona, inashika kitu kingine kinaitwa DPP4. Chanjo ya protini rikombinanti maana yake unachukua jeni ya hicho kipande, unaipachika kwenye kiumbe kingine, hicho kiumbe kinakutengenezea protini kwa wingi, unaisafisha, unaichanganya na kiamsha kinga, unachoma. Hakuna kirusi cha korona popote njiani.

Mezani kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza spaiki nzima kama walivyofanya kampuni ya Novavax, wao wanaipika kwenye seli za Sf9, na hizo seli zimetoka kwa kiwavijeshi vamizi, huyuhuyu anayemaliza mahindi shambani, kwa kweli nilipojua hilo nilifurahi sana. Shida ya spaiki nzima ni kwamba haitulii. Kazi yake ya asili ni kujikunjua ili kirusi kiingie ndani ya seli, sasa ukiitengeneza peke yake inaweza kujikunjua kabla hata hujaichoma, na kingamwili zitakazotoka zitakuwa za umbo ambalo kirusi kinakuwa nalo kikishamaliza kuingia, zimechelewa. Ndo maana wakaweka prolini mbili (prolini ni moja ya amino asidi, vipande vinavyounda mnyororo wa protini) nafasi ya 986 na 987 kuikaza isifyatuke, ujanja uliotokana na kazi ya MERS iliyochapishwa 2017, halafu 2020 kundi la Jason McLellan kule Texas wakaongeza zikawa sita wakaiita HexaPro, ikatulia zaidi na ikatoka kwa wingi zaidi.

Njia ya pili ni RBD peke yake. Ndogo, haifyatuki, hamira inaiweza, na sehemu kubwa ya kingamwili zinazozuia kirusi zinalenga hapo. Ubaya wake ni huohuo udogo, mwili unaweza kuiona ukaipuuza, na pia ndo sehemu inayobadilika sana kwenye aina mpya za kirusi. Tumechagua RBD tukijua hayo yote mawili yatatudai baadaye.

Februari, kuchora jeni

Wiki hizi hakuna kulowa mikono, ni kompyuta tu na kubishana. Tunafuata njia iliyofunguliwa na timu ya Peter Hotez na Maria Elena Bottazzi pale Texas Children's na Baylor, wale waliotengeneza RBD ya hamira bila kuiwekea hataza halafu kampuni ya Biological E ya Hyderabad wakaipeleka kiwandani ikawa Corbevax, India wakairuhusu Desemba 2021. Kinachonigusa ni kwamba walianza na SARS ya 2003, ugonjwa wa korona uliotangulia huu, miaka mingi kabla, fedha zikakauka baada ya watu kusahau SARS, na kazi yao ikabaki kwenye freza mpaka 2020. Ingeendelea bila kukatika sijui tungekuwa wapi.

Mambo mawili tumeyarekebisha kwenye jeni. La kwanza ni sukari. Hamira ina tabia ya kupachika minyororo mirefu ya manosi kwenye protini kila inapoona alama ya kupachika, na RBD ina alama mbili, amino asidi za asparajini, ya 331 na ya 343. Ya 331 iko pembeni kabisa mwanzoni mwa kipande, kwa hiyo tumekianzisha kipande chetu baada yake kidogo na alama imeondoka yenyewe. Ya 343 tumeiacha, manake inasaidia protini kujikunja vizuri na kuna kingamwili nzuri sana zinazoshika eneo hilo hilo la sukari, S309 mojawapo.

La pili ni sisteini, amino asidi nyingine. RBD inashikiliwa na madaraja manne ya salfa, hiyo ni sisteini nane zenye wenza wao, halafu kuna ya tisa, nafasi ya 538, ambayo kwenye spaiki nzima mwenza wake yuko nje ya kipande chetu. Ukiikata inabaki mjane, inatafuta mwenza popote, inashikana na ya protini ya jirani na kesho unakuta mabonge. Tumeibadilisha kuwa alanini. Yaani badiliko la herufi moja tu lakini ndo linaamua kama utakuwa na protini moja moja safi au mchanganyiko usioeleweka.

Tumebishana kuhusu mkia wa histidini, kipande kidogo kinachoongezwa mwisho wa protini ili ishike nikeli. Ukiuweka usafishaji unakuwa rahisi ajabu, kolamu moja ya nikeli (bomba lenye chembe zinazoshika protini) na umemaliza. Nilipinga na bado napinga, kitu kinachokwenda kwenye mkono wa mtu kisibebe kipande ambacho hakina kazi mwilini mwake. Mfano wa Chuo Kikuu cha Queensland unatosha: spaiki yao waliikaza kwa kipande kidogo kutoka kwenye protini ya HIV, hakikuweza kumwambukiza mtu hata kidogo, lakini waliochanjwa wakatengeneza kingamwili za hicho kipande na vipimo vya HIV vikaanza kusema chanya, mradi ukasimamishwa Desemba 2020. Protini yenyewe ilikuwa nzuri tu. Basi mkia hatuweki, tutahangaika na usafishaji.

Machi, hamira

Plazmidi, duara la DNA lililobeba jeni yetu, imefika, tumeiingiza kwenye hamira ya Pichia pastoris kwa mshtuko wa umeme, tumechagua kloni kwenye zeosini (dawa inayoua hamira zisizobeba plazmidi) nyingi nyingi ili tupate zilizobeba nakala kadhaa za jeni. Jeni imekaa chini ya swichi inayowashwa na methanoli, hamira unaikuza kwanza kwa gliseroli mpaka inakuwa nene kama uji halafu unaibadilishia chakula, inaanza kula methanoli na hapohapo inaanza kumwaga RBD nje kwenye maji. Kumwaga nje ni neema kubwa, huna haja ya kuzipasua seli.

Jeli za kwanza, zinazotenganisha protini kwa ukubwa, zimetupa kazi ya kufikiri. Tuliweka pia toleo lenye sukari zote mbili kama kontroli, na lile limetoka kama moshi mrefu kwenye jeli badala ya bendi, ukilitibu na kimeng'enya kinachokata sukari moshi wote unaanguka unakuwa bendi moja pale chini karibu na kilodaltoni 25 (kipimo cha uzito wa protini). Toleo letu lina moshi kidogo tu. Protini iliyojaa manosi ni kama mtu aliyevalishwa makoti kibao halafu unaambiwa mkariri sura yake, mwili utakariri makoti.

Joto tumelishusha tukiwa kwenye methanoli. Kwenye nyuzi 30 hamira inafanya kazi haraka lakini vimeng'enya vinavyokatakata protini navyo vinafanya kazi haraka, tukishuka mpaka ishirini na kitu mavuno kwa saa ni madogo kidogo ila kinachotoka kiko kizima. Kwangu hakuna mjadala, kizima kwanza.

Aprili, kusafisha

Hapa napita haraka. Kolamu ya kwanza ni ya kushika protini kwa upande wake unaochukia maji, unapakia na chumvi nyingi unashusha kidogo kidogo, ya pili ni ya chaji. Bila mkia inawezekana kabisa, inachukua subira tu. Mabonge yapo ila machache, ile sisteini imelipa. Endotoksini, sumu ya bakteria, hamira haitengenezi lakini inaweza kuingia kutoka kwenye maji au vyombo kwa hiyo tunapima kila bechi.

Kilichotuchelewesha ni kusubiri mzigo wa rezini ya kolamu, umekaa bandarini wiki kadhaa kwa ajili ya karatasi. Siandiki zaidi.

Mei, je umbo liko sawa?

Huu mwezi ndo nilikuwa nausubiri kwa hamu. Kuwa na bendi kwenye jeli haimaanishi una chanjo, jeli inakuambia urefu wa mnyororo tu, haikuambii umekunjwa vipi. Kirusi kinapoingia mwilini kinakuja na RBD iliyokunjwa kwa namna moja, na kingamwili inashika umbo, haisomi herufi.

Kwa hiyo tukaweka vipimo vitatu kwenye Elaiza, kipimo cha sahani kinachoonyesha kitu gani kinashika protini yetu. Cha kwanza ACE2 yenyewe, kama RBD yetu inamshika mwenyewe anayeshikwa na kirusi basi uso wa juu uko sawa. Cha pili kingamwili ya CR3022, hii ina historia nzuri, ilitoka kwa mtu aliyepona SARS ya mwanzo na 2020 ikagundulika inashika pia RBD ya SARS-CoV-2, upande wa chini uliojificha ambao hauonekani mpaka RBD inyanyuke. Cha tatu S309, kwa ajili ya lile eneo la sukari ya 343. Pande tatu tofauti za protini moja. Halafu tukachukua sampuli ileile tukaivunja madaraja ya salfa kwa dawa na joto, tukaipima tena kama kontroli.

Sampuli nzima imeshika zote tatu vizuri. Iliyovunjwa imeanguka karibu kabisa kwenye ACE2 na CR3022. Yaani tunajua tukiona kushika tunaona umbo, hatuoni bahati. Nimewaambia wenzangu hiki kipimo kiende na protini kila mahali, baada ya kila kolamu, baada ya kugandisha na kuyeyusha, baada ya kuchanganya, baada ya miezi kwenye friji. Kuna wanaoona ni kupoteza protini. Mimi naona ni bora tupoteze maikrogramu chache kila hatua kuliko kufika kwa panya na kitu ambacho kilishafumuka njiani na tusijue kilifumukia wapi.

Juni mpaka Julai, kiamsha kinga

Hii sehemu watu wengi wanaiona kama nyongeza, mimi nasema nusu ya chanjo iko hapa. RBD peke yake kwa panya inatoa kingamwili kidogo sana, mwili hauoni hatari yoyote kwenye kipande kisafi cha protini kinachoelea. Lazima kuwe na kitu cha kupiga kengele.

Kengele ya zamani ni chumvi ya aluminiamu, inatumika kwenye chanjo tangu karne iliyopita ilipoanzia miaka ya 1920 na kitu, bei ndogo, usalama wake unajulikana. Tatizo inavuta mwili upande mmoja, ule wa kingamwili nyingi na msaada mdogo wa seli za kuua, na kwa korona hilo lina historia inayotisha kidogo. Chanjo za majaribio za SARS kwenye panya zilipofuatiwa na kirusi halisi, baadhi ya panya walipata uvimbe wa mapafu uliojaa eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu. Na nyuma zaidi, miaka ya 1960, chanjo ya RSV, kirusi kingine cha mapafu, iliyouawa kwa fomalini iliwafanya watoto waugue vibaya zaidi walipoambukizwa na wawili walifariki. Hakuna anayetengeneza chanjo ya mapafu anayeruhusiwa kusahau hao watoto. Kwa hiyo kila mara tunapima uwiano, IgG1 (aina ya kingamwili ya upande huo wa aluminiamu) dhidi ya IgG2a (ya upande wa pili) kwenye panya wa maabara wa aina ya BALB/c, kutuonyesha mwili umevutwa wapi.

Corbevax walijibu kwa kuchanganya aluminiamu na CpG 1018, kipande cha DNA ya kutengenezwa ambacho mwili unakidhania cha bakteria, kinagonga kipokezi cha TLR9 na kuvuta upande wa pili. Dozi yao ina maikrogramu 25 za RBD na 750 za kila kiamsha. Novavax wao wana Matrix-M, imetengenezwa na saponini za magome ya mti wa Quillaja unaoota Chile, wanatumia maikrogramu 5 tu za protini na 50 za Matrix-M, na jaribio lao la Marekani na Mexico lilitoa kinga ya asilimia 90.4. Ukiangalia hizo maikrogramu 5 unaelewa nguvu ya kiamsha kizuri, protini kidogo watu wengi. Sisi tumekwenda na aluminiamu pamoja na CpG kwa sababu zote mbili zinapatikana kwa njia ya viwanda vya kawaida bila kutegemea msitu mmoja.

Kuna kitu cha bafa, yaani maji yanayotunza uchachu usibadilike, ambacho nataka kibaki kwenye kumbukumbu. Fosfeti inagombania nafasi kwenye uso wa aluminiamu hidroksaidi, ukiweka protini kwenye bafa ya fosfeti sehemu yake inabaki inaelea. Kwenye Trisi, bafa isiyo na fosfeti, inashika vizuri, tukizungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji maji ya juu yanakuwa hayana protini ya kuonekana. Na baada ya kushika tumepima tena ACE2 moja kwa moja juu ya chembe za aluminiamu, bado inashika. Umbo limevuka.

Jambo lingine la friji. Kila mtu anaogopa chanjo kupata joto, lakini chanjo yenye aluminiamu adui yake mkubwa ni kuganda. Ikiganda chembe zinashikana zinakuwa mabonge na hata ukiyeyusha hairudi, ndo maana wahudumu wa chanjo wanafundishwa kipimo cha kutikisa, unatikisa kichupa unachokitilia shaka pamoja na kingine ulichokigandisha makusudi halafu unaangalia kipi kinatuama haraka. Tumeandika kwa herufi kubwa kwenye kila boksi: USIGANDISHE.

Septemba, panya

Kibali cha maadili ya wanyama kimetoka, tumechanja mara mbili kwa kupishana siku 21. Matokeo kwa maneno tu kwa sasa, namba zitakwenda kwenye ripoti zikishahakikiwa: RBD bila kiamsha karibu hakuna kitu, RBD na aluminiamu kingamwili nyingi lakini IgG1 imetawala, RBD na aluminiamu na CpG kingamwili nyingi na IgG2a imepanda. Ndivyo tulivyotarajia kutokana na kazi za wengine, na kuona inajirudia kwenye mikono yetu kumetupa moyo sana.

Kingamwili nyingi peke yake bado si jibu, tunataka zinazozuia. Tunatumia kirusi bandia, ganda la kirusi kingine lililovalishwa spaiki ya korona na lenye jeni ya mwanga ndani, kikiingia kwenye seli yenye ACE2 seli inawaka. Hakiwezi kuzaliana kwa hiyo hatuhitaji maabara ya usalama ngazi ya 3. Seramu ya kundi la tatu inazima mwanga vizuri kwa spaiki ya Wuhan ya mwanzo. Kuwapima panya hawa kwa kirusi halisi cha mwanzo kusingesaidia, ACE2 ya panya wa kawaida haishikwi vizuri na kirusi hicho, unahitaji panya waliopandikizwa ACE2 ya binadamu, na hilo tutalifanya kwa washirika wenye maabara ya ngazi hiyo.

Oktoba, Omikroni na ndugu zake

Seramu ileile nzuri tumeijaribu kwenye spaiki za Omikroni na uzuiaji umeshuka sana. Hatukushangaa. BA.1, Omikroni ya kwanza, peke yake ilikuja na mabadiliko 15 ndani ya RBD, yaani kile kipande kidogo tulichokichagua ndicho kilichobadilika. Hili ndo deni tulilojua Januari.

Njia ya haraka ni kubadilisha jeni kila msimu, Novavax walifanya hivo kwa aina za Omikroni za baadaye, XBB.1.5 mwaka 2023 na JN.1 mwaka 2024, na mfumo wa hamira unaruhusu, ila kila badiliko linataka kloni mpya na vipimo vyote upya, na kirusi hakisubiri.

Njia ya pili ni kuunganisha RBD mbili kwenye mnyororo mmoja. Wachina waliotengeneza ZF2001 walianzia kwenye RBD ya MERS ambayo waliona inakaa mbili mbili, wakaleta wazo kwenye SARS-CoV-2. HIPRA ya Hispania kwenye Bimervax wakaunganisha RBD ya Beta na ya Alfa, Ulaya ikaidhinisha Machi 2023. Kitu kikiwa kikubwa mara mbili mwili unakiona zaidi, na pande mbili tofauti zinafundisha zaidi ya upande mmoja.

Ya tatu ndo inayonikosesha usingizi kwa furaha. Pamela Bjorkman na wenzake wa chuo cha Caltech kule California wanachukua mpira wa protini wenye nafasi 60 na kupachika juu yake RBD za virusi nane tofauti vya ukoo wa SARS, vingi vya popo, zimechanganyika ovyo ovyo. Kila kipokezi cha seli B, seli zinazotengeneza kingamwili, kina mikono miwili ya kushika kwa wakati mmoja. Seli inayotambua sehemu inayobadilika itapata RBD moja tu ya aina yake na jirani zake wote ni wageni, mkono wa pili unabaki mtupu. Seli inayotambua sehemu isiyobadilika, kama ule upande wa chini wa CR3022, itashika huku na huku kwa pamoja, itapata ishara kali, itazaliana. Yaani mpangilio wenyewe unachagua kingamwili za ukoo mzima, pamoja na kirusi ambacho bado hakijamrukia mtu. Tumeshaona SARS (ileile ninayoiita ya 2003) ikianza 2002, MERS 2012, na SARS-CoV-2 2019, ni upofu kudhani cha nne hakiji. Mipira ya protini si ndoto ya maabara pia, SKYCovione ya SK bioscience na Chuo Kikuu cha Washington imebeba RBD juu ya mpira wa namna hiyo na Korea Kusini iliidhinisha Juni 2022, ingawa pale ni RBD za aina moja.

Kupachika aina nane ni kusafisha protini nane, na kwa kiwanda cha kawaida hilo ni zito. Tumekubaliana tuanze na mbili: mnyororo mmoja wa hamira wenye RBD ya JN.1 upande mmoja na ya SARS ya 2003 upande wa pili, zote mbili zimeondolewa ile sisteini isiyo na mwenza. Kama hamira itaikunja vizuri tunaongeza ya tatu kutoka kwa popo.

Novemba

Nimekaa na mtu wa udhibiti wa dawa kuelewa njia ya mbele. Jaribio kubwa lenye kundi la kuchomwa maji matupu ni gumu saivi kwa sababu karibu kila mtu ameshachanjwa au ameshaugua, kwa hiyo chanjo mpya inalinganishwa kingamwili zake na chanjo iliyokwisha kubalika, Bimervax walipimwa dhidi ya Comirnaty ya Pfizer na SKYCovione dhidi ya Vaxzevria ya AstraZeneca. Nafuu kwa gharama, lakini kwetu lina ugumu wake, kingamwili za upande wa chini uliojificha nyingi hazizuii kirusi kwa nguvu kama zile za uso wa juu, kwa hiyo namba ya kuzuia SARS-CoV-2 inaweza kuonekana ya kawaida wakati upana wake ndo thamani yote. Itabidi tupime paneli nzima, SARS ya mwanzo, virusi vya popo, na aina za sasa, na tukubaliane na wadhibiti mapema upana unahesabiwaje kabla ya kuchoma mtu yeyote.

Kloni za mnyororo wa mbili zimeota kwenye sahani za zeosini. CR3022 kwa RBD ya SARS ya 2003 ipo, kwa JN.1 tunatafuta kingamwili nyingine ambayo bado inaishika, mpaka tuipate pande mbili za mnyororo hatuwezi kuzithibitisha sawasawa, kwa hiyo fementa inasubiri na agizo la kingamwili limeenda leo asubuhi.